Vifaranga wa kambale: kuwaokoa tangini na kuwafikisha Koboko wakiwa hai

Kila anayenunua samaki katika soko la Arua anajua kwamba kambale hafi upesi. Hutolewa majini asubuhi, akalazwa ndani ya beseni lenye maji kidogo na matope, na alasiri bado anafungua mdomo. Sifa hiyo ndiyo inayowaponza wengi wanaoingia katika biashara ya vifaranga. Wanadhani mtoto wa kambale ni kambale mdogo. Sivyo. Kambale mkubwa ana kiungo cha ziada nyuma ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na kiungo hicho hakianzi kazi mpaka kifaranga afikishe karibu wiki mbili. Kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji peke yake, na maji yakichafuka hana pa kukimbilia.

Jambo hili linamhusu mfanyabiashara na mwenye gari kama linavyomhusu mfugaji. Vifaranga wanaofikishwa West Nile hutoka mbali: kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, na vituo vya watu binafsi upande wa Kampala na Jinja. Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Koboko iko mbele zaidi, na baada ya Koboko kuna Oraba na Kaya ya Sudan Kusini. Upande wa magharibi, kupitia Vurra, kuna Aru na soko la Ariwara katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Anayenunua vifaranga Kampala ananunua pia yale yote waliyotendewa ndani ya tangi kabla hajafika, na mara nyingi vifo anavyovilaumu barabarani vilianza huko.

Zipo juhudi za wafugaji wa Arua na Koboko kutotolesha wenyewe ili kuikwepa safari hiyo. Ni wazo zuri, mradi mtu ajue kwamba siku 14 za kwanza ndizo kazi yenyewe.

Kuanguliwa

Kambale akiwa ndani ya bwawa hazai kwa urahisi. Kwa hiyo jike hudungwa homoni, ama ya dukani, ama ile inayotolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine. Baada ya saa kadhaa mayai yake hukamuliwa na kuchanganywa na mbegu za dume. Gramu moja ya mayai ina takriban mayai 600 hadi 700, hivyo jike mmoja wa kilo moja akitoa gramu 100 mfugaji anaanza na mayai 60,000 au zaidi. Wingi huo unadanganya. Nusu ikiharibika usiku wa kwanza, bado tangi linaonekana limejaa, na mwenye mali hatambui hasara mpaka wiki ya pili anapowahesabu.

Joto la maji ndilo linaloamua saa ya kuanguliwa. Katika nyuzi 28 za Sentigredi mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi, ilhali katika nyuzi 20 huchukua zaidi ya siku mbili, na kadiri yanavyochelewa ndivyo ukungu unavyopata nafasi. Wenyeji wa Arua walikumbuke hili. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Tangi lililoachwa nje chini ya mwembe litapoa alfajiri hata kama mchana lilikuwa na joto. Chumba kilichofungwa, chenye paa lisilovuja na kuta zinazoshika joto, kinafaa kuliko tangi kubwa la nje.

Mayai hutandazwa safu moja juu ya wavu wenye matundu madogo, maji yakipita polepole. Watoto wakianguliwa hupenya na kushuka chini, na maganda pamoja na mayai yaliyokufa hubaki juu ya wavu. Wavu huo uondolewe mara tu kazi imekwisha. Yai lililokufa hupata ukungu mweupe kama pamba, na ukungu huo huhamia kwa yai la jirani lililo hai. Wapo wanaouacha wavu mpaka kesho yake kwa kuwahurumia wachache waliochelewa kutoka, na huruma hiyo huua wengi.

Kifaranga mpya ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu. Hana mzazi wa kumlea. Sato jike, ambaye wengi Uganda humwita ngege, hubeba mayai na watoto wake mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Diskasi, samaki wa mapambo kutoka mto Amazon, hutoa ute kwenye ngozi yake na watoto hula mgongoni mwa baba na mama, ndiyo maana wanaomfuga hawathubutu kuwatenga mapema. Kambale hana lolote katika hayo. Ulezi wote ni wa mwenye tangi.

Siku ya tatu

Kwa siku mbili tatu za mwanzo kifaranga hula akiba ya kiini cha yai iliyo chini ya tumbo lake. Wakati huo hujikusanya pembeni penye giza, chungu nzima, na hahitaji chakula. Kumwagia chakula siku ya kwanza ni kuchafua maji tu. Lakini akiba ikikaribia kwisha, vifaranga huachana na kuanza kuogelea huku na huku wakitafuta. Hiyo ndiyo saa ya kuanza kulisha. Isisubiriwe kesho, kwa sababu kifaranga aliyeshinda na njaa hupoteza nguvu ya kula hata akiletewa chakula, na atakufa siku ya tano au ya sita, mwenye mali akidhani ni ugonjwa.

Chakula bora kwa wiki hiyo ni kinachotembea. Vituo vingi hutumia artemia, kiumbe mdogo wa maji ya chumvi jamii ya kamba, ambaye mayai yake makavu huuzwa ndani ya makopo. Sehemu kubwa ya makopo hayo duniani asili yake ni Great Salt Lake, katika jimbo la Utah, Marekani. Mayai hutiwa katika maji yenye chumvi ya gramu 25 hadi 30 kwa lita, joto la nyuzi 28, mwanga na hewa ya kupuliza kwa nguvu, na baada ya saa 24 hivi huanguliwa. Hapo hewa huzimwa kidogo: maganda huelea, artemia wenyewe hushuka. Wakusanywe walio chini, wasuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo wapelekwe kwa vifaranga. Maganda yakiingia katika tangi hula nafasi ya chakula tumboni na huziba. Na kwa kuwa artemia hafai kuishi katika maji baridi, hufa baada ya muda mfupi na kuoza. Basi walishwe kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, pamoja na usiku.

Kopo la artemia ni ghali na si kila duka la Arua linalo. Mbadala wa kienyeji ni viroboto wa maji, wale wadudu wadogo wanaorukaruka katika maji ya kijani. Hufugwa kwa kutia samadi ya kuku katika pipa au kidimbwi siku kadhaa kabla ya kutotolesha, kisha huvuliwa kwa kitambaa chepesi. Kazi yake ni ya mkono lakini hawahitaji kuagizwa kutoka Kampala. Njia ya tatu, inayosemwa sana, ni kiini cha yai la kuku lililochemshwa. Kinafaa kwa dharura ya siku moja. Kwa maoni yangu kimeua vifaranga wengi kuliko kilivyookoa, kwa sababu kinachobaki huoza ndani ya saa chache na kunyonya oksijeni yote iliyokuwamo.

Baada ya siku ya tano hadi ya saba, chakula cha unga chenye protini nyingi, asilimia 50 na kuendelea, huanza kuchanganywa na kile cha hai, na cha hai hupunguzwa pole pole. Kubadili kwa siku moja huleta vifo.

Maji

Tangi la vifaranga liwe na kina kifupi, na maji yabadilike bila kuwapiga kwa mkondo mkali. Uchafu wa chini unyonywe kwa mpira mwembamba asubuhi na jioni, mwisho wa mpira ukitolewa ndani ya ndoo nyeupe, maana vifaranga wachache watavutwa na ni lazima warudishwe. Mavi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyo na rangi, inayozidi ukali kadiri maji yanavyokuwa ya joto na yasiyo na tindikali. Ukiona wanapanda juu wote kwa pamoja alfajiri wakati bado hawajafikisha wiki mbili, hawachezi. Hewa imekwisha.

Maji ya bomba mjini Arua hutoka mto Enyau na hutiwa dawa ya klorini kabla ya kusambazwa. Dawa hiyo ni salama kwa mtu lakini huunguza mashavu ya kifaranga. Yaachwe ndani ya pipa lililo wazi kwa siku moja nzima, au yapulizwe hewa. Maji ya kisima kirefu nayo yana tatizo la namna nyingine: hayana dawa, lakini hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo sana. Yamwagwe kutoka juu yakianguka juu ya mawe au bati lenye matundu ndipo yatumike.

Umeme ni suala la peke yake. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa katika gridi ya taifa. Ilitegemea kampuni ya WENRECo, kwanza kwa jenereta na baada ya 2012 kwa kituo kidogo cha maji cha Nyagak. Wafanyabiashara wa Arua wanakumbuka saa za giza. Mtu asiweke vifaranga 20,000 juu ya pampu moja ya hewa inayotegemea waya mmoja. Betri ya gari, au tangi lililo juu ya kinara linaloweza kudondosha maji lenyewe usiku kucha, ni bima ya bei nafuu.

Kulana

Vifaranga wa kambale hulana. Wanapolingana ukubwa, mmoja humkamata mwenzake mkiani, akamtafuna nusu, na waliobaki huonekana wamekatika mapezi. Tofauti ya ukubwa ikizidi, mkubwa humeza mdogo mzima kuanzia kichwani, na hapo hakuna hata mzoga wa kuhesabu. Wasiojua huamini wameibiwa.

Dawa yake ni tatu: chakula kisikatike, tangi lifunikwe liwe na giza kwa kuwa mwanga huwatia wasiwasi, na wachambuliwe kwa ukubwa kila wiki au mapema zaidi. Wachache watakaozidi wenzao mara mbili wahamishwe siku hiyohiyo. Hawa hupendeza macho na mfugaji hujivunia, lakini kila mmoja wao amekula mtaji.

Wakati wa kununua

Mnunuzi anayefika kituoni aulize umri kabla ya bei. Vifaranga wa siku tano ni wa bei rahisi na mfuko mmoja hubeba maelfu, lakini safari ya kutwa itawamaliza. Kwa safari ya kwenda Arua na kuvuka mpaka, nisingechukua aliye chini ya wiki tatu, na ni afadhali zaidi aliyefikisha sentimita 4 au 5. Kwa umri huo tayari anavuta hewa, anakula unga, na ameshachambuliwa.

Aombe kuwaona wakilishwa. Vifaranga wazima hukimbilia chakula na kulifanya tangi lichemke. Wanaoning'inia wima juu ya maji, wenye madoa meupe, au waliokatika mikia, waachwe hapo hapo hata kama punguzo ni kubwa. Na ahesabu mwenyewe, angalau kwa kikombe kimoja cha mfano, kisha azidishe kwa idadi ya vikombe.

Barabarani

Kabla ya kufungwa, vifaranga wasilishwe kwa saa 24. Tumbo tupu halitoi uchafu. Hufungwa katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni ya mtungi, kisha mdomo hukunjwa na kukazwa kwa mpira. Mfuko ulazwe ndani ya boksi, kwenye kivuli. Baadhi hutia chumvi ya kawaida gramu 2 au 3 kwa lita ili kupunguza mshtuko, na ni desturi nzuri.

Idadi ya kila mfuko ndiyo inayobishaniwa daima. Badala ya kumwamini muuzaji, mwambie afunge mfuko mmoja wa majaribio siku moja kabla, kwa idadi mtakayokubaliana, na ukae bila kufunguliwa kwa saa zote za safari pamoja na saa sita za ziada. Ukifunguliwa na wengi wamekufa, punguzeni. Jaribio hilo linagharimu mfuko mmoja.

Dereva naye ana kazi yake. Mabasi ya usiku yanafaa kuliko ya mchana, hasa kwa sababu ya bonde la Pakwach, ambapo joto la adhuhuri kwenye daraja la Nile linaweza kuyapasha maji ya mfuko ndani ya saa moja. Maboksi yasipandishwe juu ya paa wala kuwekwa karibu na injini. Gari likiharibika, yashushwe kivulini na kufunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Na apange muda wa kuzidi. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya West Nile yalizungushwa na safari zikarefuka. Kuku wa kwenye tenga angevumilia, kifaranga wa samaki hapana.

Kutoka Arua kwenda mbele hali imekuwa nzuri zaidi tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, itiwe lami.

Mpakani

Hapa ndipo mzigo mzima unaweza kupotea kwa dakika kumi. Ofisa anataka kuona kilichomo, na ni haki yake. Lakini mfuko ukifunguliwa oksijeni hutoka yote. Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana: ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya ukaa inayotolewa na samaki huyafanya maji kuwa na tindikali, na tindikali hiyo huizuia amonia isiwe sumu kali. Ukifungua, hewa ya ukaa hupotea na amonia iliyolimbikizwa kutwa nzima hugeuka sumu, samaki wakiwa bado humo. Basi kila mzigo uwe na mfuko mdogo wa mfano, wa plastiki isiyo na rangi, wenye vifaranga wachache wa kuonyesha, na huo ndio ufunguliwe. Wenye mizigo mikubwa hubeba mtungi mdogo wa oksijeni wa kufungia upya.

Karatasi zitayarishwe kabla ya kuondoka. Kanuni za Uganda za ufugaji wa samaki za mwaka 2003 ziliweka utaratibu wa vibali vya kuzalisha vifaranga na kuhamisha samaki hai, na mwaka 2022 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uvuvi na ufugaji wa samaki. Ofisa wa uvuvi wa wilaya ndiye wa kwanza kumwona. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Congo mwaka 2022, na ndani ya Jumuiya upo utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Lakini cheti hicho ni cha ushuru. Hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya samaki, na wengi wamerudishwa wakiwa wanashika kimoja tu. Tena, uanachama wa karatasi na hali halisi ya kizuizini ni mambo mawili. Aulizwe wakala wa forodha wa Oraba au Vurra wiki hiyohiyo, sio mwezi uliopita.

Wako wanaoona cheti cha afya kuwa njia ya kula pesa tu. Sikubaliani nao. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwepo kwa virusi vya TiLV, vinavyoua sato, katika samaki wa Ziwa Victoria upande wa Uganda na wa Tanzania. Mfuko mmoja wenye ugonjwa unaweza kuyafikia mabwawa ya wilaya nzima. Na upande wa Vurra mpaka wenyewe unafuata mgawanyo wa maji: mvua inayonyesha mashariki yake hwenda Nile, ya magharibi hwenda mto Congo. Anayevusha samaki hai pale anavitoa viumbe katika mto mmoja na kuvitia katika mwingine, na wakitoroka bwawani hakuna wa kuwarudisha.

Kufika

Mfuko uelee juu ya maji ya bwawa au tangi jipya, bado umefungwa, kwa dakika 15 hadi 30 mpaka joto lilingane. Kisha ufunguliwe, maji ya bwawa yatiwe kidogo kidogo kwa dakika chache tu, na vifaranga waachwe watoke wenyewe. Usiwaache ndani ya mfuko uliofunguliwa ukienda kunywa chai, kwa sababu ya ile amonia.

Bwawa litiwe samadi karibu wiki moja kabla ili viumbe wadogo wa chakula wawe tayari, lakini lisiachwe muda mrefu baada ya kujazwa, maana wadudu walao samaki nao huzaliana humo. Vyura ndio adui mkubwa wa kambale mchanga. Lizungushiwe wavu wenye matundu madogo, uliofukiwa ardhini na kusimama hadi magotini, kabla vifaranga hawajatoka Kampala. Mnunuzi wa Kaya au Ariwara aambiwe hivyo siku anapoweka oda, kwa simu, na asipokuwa tayari mzigo usubiri tangini kwa muuzaji, ambako bado kuna mtu wa kuwalisha.